Umepigwa tochi safarini na kosa si lako: ulipe yaishe, ulalamike au uende mahakamani?

Picha ilikuwa kwenye simu ya askari, imetumwa kwa WhatsApp na mwenzake aliyekaa na tochi, kile kifaa cha kupima kasi, chini ya mwembe kilomita mbili nyuma yetu. Gari dogo jeupe, kasi 71, eneo la 50. "Dada, hili si gari lako?"

Gari jeupe ninalo, sikatai. Lakini la kwenye picha halikuwa na keria. Langu lilikuwa nayo, na juu yake kulikuwa na magodoro mawili ya shangazi yaliyofungwa kwa kamba ya manila ya bluu, mzigo ambao ungeuona hata ukiwa umesinzia. Nikashuka nikamwonyesha. Akatazama juu, akatazama simu, akacheka. "Keria inafungwa na kufunguliwa, dada yangu." Namba ya gari kwenye picha ilisomeka T na D, katikati ukungu mtupu. Sasa magari meupe yenye namba D yanayopanda kwenda Moshi mwezi Desemba ni mangapi?

Nililipa. Jua la saa nane, watoto wanalia, safari bado ndefu, na nyuma yangu magari mengine matatu yanasubiri zamu ya kusomewa makosa. Shangazi hakunisemesha mpaka tulipofika Mwanga, na alipofungua mdomo alisema maneno mawili tu: "Elfu thelathini!"

Tangu hapo barabara ile nimeipita kila mwisho wa mwaka, sisi tunaokwenda nyumbani "kuhesabiwa" kama wanavyotutania. Njia ya kulipa na ya kulalamika nimezijaribu mwenyewe, ya mahakama ameijaribu jirani yangu dereva wa lori, na ile nyingine, ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja, ameijaribu mjomba. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu aliye mbali na kwao, kwa sababu ukiwa mbali na kwenu hesabu inabadilika kabisa.

Milango miwili ya sheria

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inamruhusu askari akuandikie faini palepale badala ya kukufikisha kwa hakimu. Kosa moja ni Sh 30,000, uwe ulikuwa na 54 au 90 kwenye eneo la 50. Ukiandikiwa makosa mawili ni 60,000. Karatasi inatoka kwenye kimashine cha mkononi ikiwa na kumbukumbu namba ya malipo, na pesa inakwenda serikalini moja kwa moja kwa simu au kwa wakala wa benki. Una siku saba. Zikipita hujalipa, inaongezeka robo: 30,000 inakuwa 37,500.

Jambo ambalo hutatajiwa pale barabarani ni kwamba faini hiyo ni ya mtu aliyekubali kosa. Usipokubali, una haki ya kusema hivyo, na shauri likaenda mahakamani. Maana yake, siku nilipolipa kwa hasira huku nikisema "sikufanya", kisheria nilikuwa nimesema "nilifanya". Malalamiko niliyoyapeleka wiki mbili baadaye, nikiwa nimeshalipa, yalipokelewa kwa heshima zote na yakaishia hapohapo. Nani atafukua kosa ambalo mwenye gari amelikiri kwa pesa yake mwenyewe?

Kwa hiyo kama utalalamika, lalamika kabla ya kulipa, na kama utalipa, lipa ukijua umefunga mlango. Watu wengi hufanya vyote viwili kwa mpangilio uliopinduka, kama nilivyofanya mimi.

Dakika kumi kabla hajabonyeza mashine

Hizi ndizo zenye thamani kuliko yote yatakayofuata. Karatasi ikishatoka, deni limeingia kwenye mfumo kwa namba ya gari lako, na askari aliye mbele yako hana tena la kukusaidia hata akitaka. Kabla ya hapo, bado ni mazungumzo ya watu wawili kando ya barabara.

Yaanze vizuri. Zima injini, zima redio, teremsha kioo, msalimie. Kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, haipunguzi haki yako hata kidogo. Abiria wanyamaze. Nimeshuhudia kesi nyepesi ikiharibiwa na shemeji wa kiti cha nyuma aliyeanza kumfundisha askari sheria.

Kisha omba kuona picha. Ukiombwa leseni, itoe, na uombe picha kwa maneno yaleyale ya upole: "Afande, naomba nione picha nijue nilikosea wapi." Kwenye picha usikimbilie ile namba kubwa ya kasi. Tazama mambo manne, na uyatazame polepole.

Tazama alama ya shabaha, ule msalaba au kisanduku kinachoonyesha tochi ililengwa wapi. Je, uko juu ya gari lako au la jirani? Kisha umbali. Vifaa vingi vya aina hii huandika mita kwenye picha, na umbali una maana kubwa, kwa sababu mwale wa tochi hutanuka kadiri unavyokwenda mbali. Kwa kifaa cha kawaida cha leza, ukifika mita 300 upana wake ni karibu mita moja. Gari likiwa peke yake barabarani hilo halina shida. Lakini kwenye msururu wa Desemba, magari matatu yamebanana na basi linataka kukupita, mtu ana haki ya kuuliza kasi hiyo ni ya nani.

Halafu saa. Halafu mahali: picha ilipigwa wapi, na kibao cha 50 kiko wapi. Eneo la 50 huanzia kwenye kibao chake na huishia kwenye kibao kingine chenye mistari ya kufuta. Katikati hapo hata kama hakuna nyumba, ni mbuga tupu na mkonge, bado ni 50 mpaka uone kile cha kufuta. Hapa ndipo wengi wanapodhani wameonewa kumbe hawajaonewa. Uonevu wa kweli ni pale kibao kimeng'oka, kimeuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu au kimemezwa na matawi. Hapo rudi kwa miguu kama si mbali, upige picha ya nguzo iliyobaki peke yake. Nguzo bila kibao ni ushahidi mzuri kuliko maneno mia.

Kuna hoja mbili ambazo nakushauri uziache nyumbani. Ya kwanza: "tochi ilinipiga kwa pembeni, ndiyo maana ikapandisha." Ni kinyume chake. Kifaa kilichosimama kikilipima gari kwa pembe, husoma kasi ndogo kuliko ya kweli, kwa hiyo umependelewa. Ya pili: "spidi mita yangu ilionyesha 50." Hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu magari hutengenezwa ili spidi mita isisome chini ya kasi halisi, na mengi husoma juu kidogo. Lakini kama umefunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, kama wafanyavyo wenye kupenda gari liinuke, hesabu inageuka: spidi mita inasema 50 na wewe unakwenda 54. Askari mzoefu atatazama matairi yako kabla hujamaliza sentensi.

Makosa yasiyo ya tochi ni habari nyingine. Taa ya namba haiwaki, mtungi wa kuzimia moto umepita muda, pembetatu ni moja badala ya mbili, tairi ni kipara. Hayo hayabishaniwi kwa maneno, yanabishaniwa kwa kitu chenyewe: washa taa aione, fungua buti, toa mtungi asome tarehe. Ikiwa kweli mtungi umepita muda, hapo hakuna uonevu, kuna uzembe wako, na unachoweza kuomba ni onyo. Onyo askari anaweza kulitoa, na hulitoa mara nyingi kuliko tunavyosimulia. Aliyeonywa akaachiwa haendi kulalamika popote, kwa hiyo hadithi zake hazisikiki.

Kulipa yaishe

Faida yake ni moja lakini ni kubwa: unaondoka. Ukiwa umebakiza kilomita 300, una mgonjwa, una msiba unaokusubiri au abiria wanaolipa, saa mbili za kubishana zina bei kubwa kuliko 30,000. Hakuna aibu katika kulipa, ilimradi uwe umeamua, si umechoshwa.

Hasara yake ni kwamba umekiri, na kwamba kosa limeandikwa. Kwa mwenye gari dogo la familia hilo si zito. Kwa dereva wa kuajiriwa, ambaye bosi wake anafungua mfumo wa polisi mtandaoni kila mwezi na kuingiza namba za magari yote ya kampuni, faini tatu za "yaishe" zinaweza kumkosesha kazi. Mtu wa namna hiyo asifuate ushauri wa mtu kama mimi anayesafiri mara mbili kwa mwaka.

Ukilipa, lipa kwa namba iliyo kwenye karatasi tu, na subiri ujumbe wa uthibitisho ufike kabla hujawasha gari. Hifadhi ujumbe huo. Nimewahi kusimamishwa kwa deni nililokwisha kulipa, na kilichoniokoa ni ujumbe wa simu wa miezi minne nyuma.

Kuchukua karatasi na kuondoka bila kulipa

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na ndiyo inayosahaulika. Huhitaji kulipa palepale. Unapokea karatasi, unasema kwa utulivu kwamba hukubaliani na kosa na utalifuatilia, unaandika jina na namba ya askari iliyo kwenye sare, unapiga picha ya mahali, unaondoka. Kuanzia hapo una siku saba.

Ndani ya siku hizo mtu wa kumwona ni mkuu wa usalama barabarani wa mkoa ule, RTO kama tunavyomwita. Si lazima usimame mlangoni kwake. Kama unarudi kwa njia ileile, pitia. Kama hurudi, andika. Barua iwe fupi: namba ya gari, namba ya karatasi, siku, saa, mahali, na kitu kimoja kinachoonyesha kosa si lako. Kimoja, si saba. Ukieleza kwamba askari alikuwa mkali, na jua lilikuwa kali, na barabara ni mbovu, na wengine waliachwa, msomaji anaona mtu mwenye hasira. Ukieleza kwamba gari la kwenye picha halina keria na lako linayo, huku umeambatisha picha mbili, anaona kosa.

Mwaka uliofuata, njia ya Iringa, niliandikiwa kosa la kupita zebra bila kusimama mahali ambapo rangi ya zebra ilikuwa imefutika kabisa na hakuna kibao. Nikachukua karatasi, nikapiga picha lami tupu, siku ya tatu nikawa kwenye ofisi husika. Nilikaa kwenye benchi saa moja na nusu. Afisa aliyenisikiliza alikuza picha kwa vidole viwili, akauliza maswali mawili, akaniambia niache namba ya simu. Siku ya sita nilipoingiza namba ya gari kwenye mfumo, deni halikuwepo. Sikuombwa radhi, wala sikuitegemea.

Udhaifu wa njia hii ni saa inayotembea. Siku saba zikikatika hujajibiwa, unalipa 37,500 na roho inauma mara mbili. Tena deni linafuata namba ya gari, si wewe. Ukisimamishwa mkoa mwingine, askari wa kule akaingiza namba akaona unadaiwa, anaweza kulizuia gari mpaka ulipe, na hana muda wa kusoma barua yako. Kwa sababu hiyo, anayeendelea na safari ya mikoa minne, mitano kabla ya kurudi afikirie mara mbili. Na kama gari ni la kukodi, mpigie mwenye gari kabla ya kuamua chochote. Deni ni lake kwenye mfumo, na wengi watalilipa siku hiyohiyo na kulikata kwenye dhamana yako uliyoweka, hapo malalamiko yamekufa kabla hayajazaliwa.

Mahakama inamfaa nani

Jirani yangu huchukua vitunguu Ruaha Mbuyuni kupeleka Dar es Salaam. Aliandikiwa kupita gari jingine kwenye mstari usiokatika. Ana kamera kwenye dashibodi, na kamera inaonyesha mstari uliokatika, mweupe, wazi kama mchana. Alipoionyesha hakusikilizwa. Akasema: "Mkuu, mimi sikubali kosa, nipeleke kwa hakimu."

Shauri lilitajwa, likaahirishwa, likatajwa tena. Mara ya tatu shahidi wa upande wa mashtaka hakutokea, hakimu akalifuta. Jirani yangu husimulia kisa hiki kwa kujivuna kila akipata soda, na ana haki. Lakini sikiliza kipande ambacho hukipitia haraka: anapita pale kila wiki. Kila tarehe ya mahakama aliegesha lori, akaingia, akatoka, akaendelea na safari. Haki yake ilimgharimu nusu siku mara tatu.

Niweke mimi badala yake. Mahakama iko eneo kosa linapodaiwa kutendeka, siyo Dar. Nauli ya basi kwenda na kurudi peke yake inazidi faini, hapo sijalala, sijala, sijaomba ruhusa kazini. Mara tatu. Kwa hesabu ya shilingi, msafiri wa mbali anashindwa kabla hajafika kizimbani hata kama atashinda kesi.

Na kushinda hakuna uhakika. Mahakamani upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, hilo ni zuri kwako. Lakini ukipatikana na hatia, hakimu hafungwi na ile 30,000 ya barabarani. Usiende na hisia ya kuonewa peke yake. Nenda na video, au picha ya nguzo bila kibao yenye tarehe, au shahidi asiye ndugu yako.

Kwa nani basi? Kwa anayepita njia hiyo mara kwa mara. Kwa dereva ambaye leseni ndiyo ugali wake. Kwa aliyeandikiwa makosa manne kwa mkupuo. Na kwa anayeshitakiwa jambo zito, kama kusababisha ajali, ambalo kwa vyovyote si la kumaliza kwa karatasi ya barabarani, na hapo tafuta wakili, usisome makala.

Kumalizana

Mjomba wangu hana subira. Alipopigwa tochi alimvuta askari pembeni, akamwachia elfu kumi "ya maji", akarudi garini akijisifu kwamba ameokoa elfu ishirini. Kilomita arobaini mbele tukasimamishwa tena. Picha ileile. Ilikuwa imeshasambaa kwa wote walio kwenye njia ile.

"Mbona nimeshalipa?" mjomba akauliza.

"Umelipa wapi, mzee? Risiti iko wapi?"

Nilitazama nje dirishani nisicheke. Akalipa 30,000 kwa simu, jumla 40,000, na elfu kumi ya kwanza hakuna hata wa kumlalamikia, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Kama wewe ndiye unayeombwa, bila kujali umekosa au hujakosa, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Sema tu: "Afande, niandikie." Ni neno dogo, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo, kwa kuandikiwa au kwa kuachiwa.

Najua kuna wanaoona njia hii ndiyo ya haraka kuliko zote. Kwa dakika ni kweli, inaweza kuchukua mbili. Lakini ukiiweka kando ya kulipa rasmi, ambako nako ni dakika tano kwa simu, unachonunua kwa ile tofauti ya elfu ishirini ni kutokuwa na risiti.

Ukivuka Holili au Namanga

Kenya meza imepangwa tofauti. Kwa kanuni zao za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, faini ya mwendo hupanda kwa ngazi: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Kwa hiyo kule kubishana juu ya kilomita mbili tatu kuna maana, kwa sababu kunaweza kukushusha ngazi nzima. Huku kwetu 54 na 70 ni pesa ileile, hivyo ukisema "haikuwa 70, ilikuwa 60" umejichongea bure.

Jambo la pili ni dhamana. Ukikataa kosa Kenya, unaweza kuachiwa kwa bondi au kwa pesa taslimu unayoweka kituoni mpaka siku ya kesi. Msafiri wa Tanzania aliyeweka pesa hiyo na asirudi, amelipa faini kwa jina jingine. Ukiiweka, usiondoke bila risiti yake, na usiiweke kando ya barabara, hata ukiambiwa kituo kiko mbali. Zaidi ya hapo, kama huna jamaa Taveta au Kajiado wa kukufikia mara mbili tatu, na kosa ni la ngazi ya chini, mimi ningelipa.

Risiti ya mafuta

Nimekiacha mwisho kile ambacho sasa siondoki bila kuwa nacho. Desemba iliyopita tulijaza mafuta Korogwe. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kijana wa pampu akaitoa kwa kuvuta, nikaiweka kwenye mfuko wa mlango. Kilomita zaidi ya thelathini mbele, askari akainua mkono. Gari jeupe, kasi 68, eneo la 50. Namba D.

Shikamoo, marahaba. Naomba picha. Akanipa simu niitazame vizuri, kijana mstaarabu kwa kweli. Pembeni kabisa ya picha, kwa maandishi madogo: 11:42.

Nikatoa risiti. Nikaiweka juu ya boneti, nikaishika kwa kidole upepo usiichukue. Jina la mji, lita, shilingi, na chini: 11:38.

"Afande, hapa ni dakika nne. Kutoka pampu ile mpaka hapa ningekuwa nakimbia zaidi ya kilomita mia nne kwa saa. Na gari lenyewe ndilo hili."

Akalitazama gari. Sisi sote tukalitazama, na magodoro yake, maana shangazi ana tabia ya kuhama na magodoro. Askari akapiga simu: "Lile jeupe la saa tano na arobaini na mbili, dereva mwanamke au mwanaume?" Akasikiliza. Akanirudishia leseni.

"Nenda, dada. Ila pale darajani taratibu, wapo wengine."

Nilipoketi, shangazi alinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma. "Hebu nipe hicho kikaratasi." Akakikunja mara mbili, akakifunga kwenye pindo la khanga yake, pale anapofunga pesa.